Kikundi cha "Ukoo wa Chumbageni": Rehema anatafuta ski zake

Alhamisi

Rehema (Oslo): Asalaam alaykum ukoo, shikamooni wakubwa. Kaka Idi upo? Naomba macho yako kabla sijatuma hela ya watu

Rehema: [picha]

Rehema: Nimeziona Finn, ule mtandao wa kuuziana vitu huku, jamaa anauza kroner 500 tu na viatu anatoa bure. Nyekundu, safi, hazina hata mkwaruzo

Mama: Marahaba mwanangu. Hivyo ni vitu gani

Juma (Dar): Mbao za kutelezea kwenye theluji mama. Binti yako ndo kashahamia kabisa huyo 😂

Rehema: Ni ski mama. Mwaka jana wote nilikua naazima pale BUA, wanaoazimisha vifaa vya michezo, ni bure, wanakupa siku 7 unarudisha, sasa ikidondoka theluji nzuri ujue mji mzima umewaza kama wewe, unafika unakuta saizi yako zimeshabebwa zimebaki za watoto. Nimechoka nataka zangu mwenyewe nizitundike ukutani

Shangazi Mwajuma: Bure halafu unakataa. Haya

Salma (Denver): Rehemaaa karibu chamani 🎉 Hebu kabla hujalipa, angalia juu ya ski upande wa nyuma kuna namba tatu wameandika kwa mstari, ile ya katikati ndo upana pale unapokanyaga. Kwa anayeanza tafuta 70 mpaka 85 hivi, zinageuka kiulaini. Wakikuletea za 100 na zaidi kataa, hizo za theluji laini ya kuzama magoti, we bado

Rehema: Imeandikwa 121-73-103, halafu R14

Salma: Safi, R14 ni kona ya mita 14, namba ikiwa ndogo kona inakuwa fupi. Urefu?

Rehema: 158

Salma: We si 163? Zinafika kwenye paji basi. Kidevuni mpaka kwenye paji ndo kwenyewe kwa mwanafunzi. Mi naona chukua

Idi (Trondheim): Subirini subirini jamani

Idi: Shikamoo mama, shikamoo shangazi. Rehema usitume hata senti. Nijibu kwanza, unataka kwenda nazo wapi?

Rehema: Si nilikwambia, kutoka ziwa la Sognsvann mpaka mgahawa wa Ullevålseter msituni, wenzangu wa kazini wanaenda kila wikiendi. Wanakula keki huko juu wanarudi

Idi: Basi hizo sio zako hata akikupa bure. Hizo za kushukia mlima. Kisigino kinafungwa hapo hakinyanyuki, kiatu kigumu kama jiwe, unapandishwa na lifti unateremka, unapandishwa tena. Sognsvann hakuna lifti, unakwenda kwa miguu yako kilometa tano na ushee kwenda tu na njia inapanda. Ukienda na hizo utazibeba begani mpaka Ullevålseter watu wanakupita wanakuonea huruma

Juma: 😂😂😂😂

Salma: Aaah kumbe anataka zile za kutembea! Mi nikajua mlimani. Huku kwetu mtu akisema ski anamaanisha mlimani tu, Jumamosi unakaa kwenye foleni ya magari barabara kuu ya I-70 masaa kwa ajili hiyo hiyo

Idi: Ndo maana nikauliza wapi. Mtu anaenda dukani anauliza "ski nzuri zipi" wakati hajasema anaenda nazo wapi, muuzaji atampa yoyote ile iliyokaa sana stoo. Mi nilifanya kazi duka la michezo nikiwa chuo, nayajua

Mjomba Kassim (Mombasa): Hebu mimi nifahamishwe. Hizi za Rehema ndizo alizokuwa nazo yule kijana wetu Boit?

Idi: Ndizo hizo hizo mjomba! Shikamoo

Mjomba Kassim: Marahaba. Basi nazijua. Philip Boit, mpwa wake Mike Boit yule wa medali ya Olimpiki 1972 mita 800. Huyu Philip naye alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akatolewa Kenya akapelekwa Finland kufundishwa theluji, akaenda Olimpiki ya baridi Nagano 1998, ski kilometa 10. Alikuwa wa 92, wa mwisho, dakika 47 na kitu, na Dæhlie wa Norway, mshindi, alishamaliza kwa 27. Lakini Dæhlie alimsubiri pale mwisho dakika zote 20 akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani mwanawe akamwita Dæhlie. Tuliangalia kwenye TV sote, mzee wangu alikuwa hai

Juma: Mjomba kumbukumbu unayo aisee

Mjomba Kassim: Na alirudi tena 2002 na 2006. Hakuchoka. Rehema usichoke

Rehema: Mjomba mi naenda kula keki tu 🙈

Idi: Mjomba kakupa jina zuri, huku ukimtaja Boit wazee wote wanamkumbuka. Sasa Rehema, swali la pili ndo kubwa kuliko yote. Uzito wako?

Rehema: Inbox

Idi: Inbox ya nini, nikadirie tu

Rehema: INBOX kaka Idi

Mama: Alipoondoka alikuwa 62

Rehema: Mamaaaa

Shangazi Mwajuma: 62 ilikuwa kabla ya hizo picha za sikukuu ya Idi. Yule wa kwenye picha hakuwa 62 😄

Juma: Nimefika nimekaa, leteni popcorn

Salma: Jamani mwacheni mwenzenu. Ila Rehema hata huku kwetu uzito wanauliza, bila hivyo hawakufungi bindingi, kile kifungo kinachoshika kiatu kwenye ski. Kuna namba inaitwa DIN, wanapiga hesabu ya uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya kiatu na unavyojua kuteleza, ndo bindingi ijue ikuachie mguu wakati gani ukianguka. Ukidanganya umepunguza kilo basi inaachia ovyo katikati ya mteremko, ukiongeza haiachii goti linakwenda nayo. Na usijifungie mwenyewe kwa bisibisi, mpe fundi wa duka. Bindingi za zamani sana mafundi wengine hawazigusi kabisa, wanakwambia haziko tena kwenye orodha ya kampuni, kwa hiyo ski za mtumba za bei rahisi zinaishia kuwa urembo wa ukutani

Mama: Goti linakwenda nayo?? Rehema

Rehema: Mama hizo ni za Salma za mlimani, zangu sio

Idi: Kweli mama, za Rehema kisigino kiko huru, kiatu kimeshikwa kwenye vidole tu, chepesi kama raba. Akianguka anaanguka pembeni anachafuka anainuka. Uzito wake mi nauulizia kingine. Soma taratibu Rehema maana hapa ndo watu wanapotupia hela zao

Idi: Ski ya kutembelea ukiilaza chini katikati imenyanyuka kidogo, ina upinde. Ukisimama miguu yote miwili uzito unagawanyika, ule upinde haugusi theluji, unateleza. Ukiegemea mguu mmoja kujisukuma upinde unalala, sehemu ya katikati inakamata theluji, unakwenda mbele. Hiyo ndo ski yote, hakuna siri nyingine. Ikiwa ngumu kuliko uzito wako upinde haulali, kila ukisukuma unarudi nyuma, unapanda kwa mikono tu mpaka mabega yanawaka. Ikiwa laini kuliko uzito wako katikati inaburuza muda wote, mteremko unashuka kama unatembea. Kwa hiyo urefu wa ski unatazama, ndio, ila uzito ndo unaamua

Rehema: Kumbe. Mwaka jana zile za kuazima siku nyingine zilikuwa zinanirudisha nyuma pale kwenye kale kakilima, nikajua mi ndo sijui

Idi: Walikupa ya mtu wa kilo 80 hiyo

Shangazi Mwajuma: Basi wakampa yake hasa

Rehema: SHANGAZI

Juma: Mi nimekufa huku 😭😂

Rehema: Haya nimeshatuma inbox. Idi ukisema namba hadharani nakutoa kwenye urithi

Idi: Nimeiona, kawaida tu. Ongeza nguo, buti, begi na chupa ya chai, maana hutaenda uchi. Tunatafuta ski iliyoandikiwa uzito huo, na kwa anayeanza ukiwa katikati ya saizi mbili chukua laini, bora ishike kuliko iteleze sana ukachoka

Ijumaa

Rehema: Kaka Idi nimepata nyingine hii. Za kutembea kweli safari hii, nimejifunza 😅

Rehema: [picha]

Rehema: Za kampuni ya Madshus, anasema zimetumika kwenye mashindano, kroner 300 na viatu juu. Urefu 205. Juma anasema mchongo

Juma: 300 ni kama elfu 70 na kitu ya kwetu hapo, mchongo huo

Idi: Juma we ushawahi kuona theluji?

Juma: Kwenye friji

Idi: Soma kibandiko pale kwenye ubavu wa ski, wameandika nini

Rehema: 85–95 kg

Idi: Haya

Rehema: 🤐

Mama: Hapo hajafika jamani hata mimi namtetea

Idi: Asante mama. Na 205 ni ya mtu wa futi sita na zaidi. Wewe wa 163 ongeza kama sentimeta 20 juu ya kichwa chako, 180 mpaka 185 panatosha, nyingine fupi zaidi ya hapo zinaandikiwa uzito ule ule fuata kibandiko chao. Halafu hizo za mashindano zinatengenezwa ngumu makusudi, mwenyewe anajua kuisukuma kwa nguvu. Na viatu vyenyewe nitumie picha ya chini ya soli

Rehema: [picha]

Idi: Nilijua. Huo mfereji mmoja mpana ni SNS, aina ya zamani ya kufunga kiatu kwenye bindingi. Siku hizi karibu kila kiatu dukani ni aina ya NNN au kinachoingiliana nayo, chini kina mifereji miwili myembamba. Ukinunua hizo kiatu kikichanika unatafuta viatu ambavyo hata dukani havipo, au unabadili bindingi, ile 300 inageuka elfu na zaidi

Salma: Rehema sikia la dada yako, anza na viatu! Huku mlimani wanakwambia hivyo na huko sioni kwa nini iwe tofauti. Ski ikiwa sio nzuri sana utavumilia, kiatu kikikubana vidole utarudi nyumbani unalia. Mimi msimu wangu wa kwanza ski nilikodi msimu mzima, hela nilizonazo nikaweka kwenye buti, nikanunua nyembamba ya kunishika kisigino. Soksi moja tu nyembamba, usivae mbili mbili ukadhani ndo joto, damu haipiti ndo vidole vinakufa ganzi

Idi: Salma yuko sawa kwa viatu. Ila huku kiatu ni laini kwa hiyo usikibane kama chake, acha nafasi kidogo mbele, unapinda vidole kila hatua. Na soksi ya sufi

Shangazi Mwajuma: Soksi za sufi nikufumie?

Rehema: Shangazi tafadhali 🥹 size 39

Shangazi Mwajuma: Nakuona una size zako zote tunazijua sasa

Rehema: Kazini kuna mtu ananiambia ninunue za ngozi, mwingine anasema hapana waksi ndo ski ya kweli, mwingine za magamba. Mi nimevurugwa

Idi: Wanagombana hivyo tangu zamani hao usiwafuate. Za waksi unapaka mwenyewe katikati ili zishike, kila siku kutegemea baridi, ya bluu ikiwa baridi, unakwenda zambarau, nyekundu karibu na sifuri, na barafu ikishaganda kuna dude linaitwa klister linanata mpaka kwenye nywele. Zinateleza vizuri kweli, siku ukipatia waksi hakuna kama hizo. Lakini Oslo mwezi wa kumi na mbili asubuhi ni minus sita mchana ni sifuri inadondoka theluji mbichi, hapo hata waliozaliwa huku wanakosea wanabaki wanaparua njiani. Magamba, yale yaliyochongwa chini ya ski, hayataki kazi ila yanakoroma chini muda wote, na yakichakaa ndo basi. Za ngozi katikati wamebandika kipande cha mohair, manyoya ya mbuzi yale, yanateleza kwenda mbele yanakataa kurudi nyuma. Kwako mimi nasema ngozi, toka kazini unafunga unaondoka

Mama: Manyoya ya mbuzi yanafanya nini chini ya ski

Juma: Mama tuwachinjie mbuzi wetu tuwauzie Norway

Idi: Mbuzi wa Angora hao mama, sio wetu. Ubaya wake mmoja, joto likicheza kwenye sifuri yanaganda barafu, kuna dawa ya kupuliza unapaka usiku uliopita. Na yakiisha yanabadilishwa hununui ski mpya

Mjomba Kassim: Bei gani lakini hizo mpya? Boit alipewa na wadhamini, huyu wetu ananunua kwa mshahara

Idi: Pakiti nzima, ski na bindingi na viatu na fimbo, ya kuanzia kama kroner 4000 mjomba, zipo za 3000 ukibahatika

Rehema: Hiyo milioni ya kwetu 😬

Mama: Milioni?? Kwa mbao mbili na fimbo mbili?

Shangazi Mwajuma: Milioni ni bati za nyumba nzima ya uani

Idi: Najua inauma. Mwezi wa nne wanashusha sana lakini msimu mzima huu utakuwa unazipigia picha tu. Njia nyingine, mtumba mzuri upo, vuli shule na klabu wanafanya siku za kuuziana vifaa, watu wanaacha ski ya misimu miwili kwa sababu wametaka mpya. Mtumba mi sina ugomvi nao, ugomvi wangu ni kununua mtumba wa mtu mwingine kabisa. Kibandiko cha uzito kiwepo, bindingi NNN, chini kusiwe na mkwaruzo wa kuingia kucha, ziweke tumbo kwa tumbo, upande wa theluji, uangalie hazijapinda, na ngozi isiwe imepukutika manyoya. Zikipita hapo lipa hata 1500 bila kuogopa

Rehema: Duka moja hapa mjini kesho wana punguzo. Nikienda nafanyaje sasa nisidanganywe

Idi: Omba wakupimie karatasi. Vaa kiatu, simama juu ya ski zote mbili kwenye sakafu bapa, uzito sawa sawa, usiegemee. Mtu apitishe karatasi chini pale katikati. Inatakiwa iteleze, mbele ya vidole kama shibiri moja na nusu, nyuma iishie karibu na kisigino. Halafu hamishia uzito wote mguu mmoja uegemee mbele kama unajisukuma, karatasi ikwame kabisa isitoke. Ikiteleza bado, ngumu hiyo, iache. Ikikwama hata ukiwa umesimama miguu miwili, laini hiyo, iache. Wengine wana mashine ya kupimia ni sawa tu, lakini karatasi haina mshahara wa kamisheni

Idi: Na fimbo kwa urefu wako 140 hivi, ziishie begani. Usikubali za kaboni za bei mbaya, utazikalia

Salma: 😂 kweli utazikalia

Jumamosi

Rehema: Nipo dukani. Kijana mmoja mpole sana. Ananiambia nichukue 190 ngumu kidogo "utakua nayo"

Mama: Utakua nayo? We mtoto mdogo?

Idi: Hapana hapana, mwambie unaanza. Hiyo ni lugha ya kwamba 185 zimeisha. Karatasi!

Rehema: Subiri

Rehema: [video]

Juma: Mbona umesimama kama unapiga pasi

Idi: Hiyo karatasi inateleza mguu mmoja, naona inatoka yote. Ngumu

Rehema: Amekubali. Ameenda stoo

Rehema: [picha]

Rehema: 182, Fischer, ngozi, uzito wangu umo kwenye kibandiko. Karatasi imekwama mguu mmoja, miwili inapita

Idi: Mbele inafika wapi?

Rehema: Shibiri na kidogo

Idi: Tamu. Bindingi inasogezeka kwa mkono?

Rehema: Ndio kuna kitufe

Idi: Nzuri sana. Anza katikati. Ukiona inarudi nyuma sogeza mbele kidogo inakamata zaidi, ukizoea rudisha nyuma upate mteremko. Viatu vipi

Rehema: 40 nimechukua sio 39, kwa ajili ya soksi ya shangazi

Shangazi Mwajuma: Nimeshaanza kufuma mguu wa kushoto

Rehema: Jumla 3400 na fimbo. Nalipa?

Mjomba Kassim: Lipa mwanangu. Nitakutumia kidogo Jumatatu inshallah

Mama: Allah akulipe Kassim. Rehema usiende peke yako gizani huko

Rehema: Mama Sognsvann njia zina taa na watu wamejaa mpaka usiku, sio porini

Idi: Kweli mama. Ila Rehema theluji ya bondeni ikiwa chache panda metro namba 1 mpaka Frognerseteren, ni juu zaidi kule, karibu mita 470, theluji inawahi na inachelewa kuisha. Watu wote kwenye behewa watakuwa wameshika ski usione aibu. App ya Skiforeningen, chama cha ski cha huko, inaonyesha mashine ya kutengeneza njia imepita wapi na saa ngapi. Kuanzia juu kuna miteremko lakini, jifunze kwanza kufunga breki, visigino nje vidole ndani, kabla ya kuteremka huko

Rehema: NIMELIPA 🎿🎿 zangu!!

Juma: Mashallah. Picha tafadhali, na ukianguka video

Salma: Hongera mdogo wangu! Sasa mwakani njoo Colorado nikutafutie na za mlimani

Rehema: Itabidi jamani, pea mbili

Mama: Salma mwanangu nakuomba sana uache